Marathoni ya pili

Jana nilikimbia Nairobi Marathon, kilomita 42.195, kwa mara ya pili.

Mara ya kwanza nilianza kwa pupa. Kilomita ya 30 akiba ya sukari mwilini ikaisha, miguu ikagoma. Safari hii niliandika programu ndogo ya kunipangia mwendo: dakika 6:30 kila kilomita. Mazoezi saa kumi alfajiri, kabla ya kazi.

Kisha Jumamosi moja binti yangu akauliza, "Baba, leo pia unaenda?" Programu haikuwa na jibu. Nikaziacha Jumamosi zote.

Marehemu Kelvin Kiptum alimaliza Chicago 2023 kwa saa 2:00:35. Mimi, 4:52. Medali amelala nayo binti. Ya tatu itangoja.