Jiwe la Sagana
Wadau, juzi nilirudi Sagana kupiga makasia Mto Tana. Februari maji yalikuwa haba, boti la mpira likikwama mawe kila mara, tukishuka kulisukuma huku tunacheka. Safari hii ni masika. Nahodha akakataa kutuingiza mtoni. Nikawaka: jua kali, nimeshalipa (mnanijua kwa pesa yangu), mvua iko wapi?

“Dada, unaliona lile jiwe mlilokalia mkila ndizi?”

Sikuliona. Maji mekundu tu, yanazunguka.

“Usiku imenyesha Mlima Kenya na Nyandarua. Maji huteremkia hapa.”

Nikanyamaza. Gogo zima likapita kasi, likazama penye jiwe. Nikalingoja liibuke, wapi! Mdogo wangu alikuwa ameshavaa jaketi lake la kuelea.