Neno "boyi" na jina la mtu



Watoto wetu wengi sasa wanafunzwa Kiingereza. Kasumbalesa si mbali, na kila mama anayefanya biashara na Zambia anajua faida ya lugha hiyo. Kati ya maneno ya kwanza katika daftari la mtoto kuna "boy". Mwalimu anasema: boy ni mtoto mwanaume. Ni kweli. Lakini hapa Lubumbashi mtoto alikwisha kulisikia neno hilo mbele ya kuingia masomo, na kwa maana ingine. Kwake boyi ni mtu anayefagia lupango, anayepika na kufua nguo kwa watu. Ndiyo maana mtoto wa mama mmoja wa chama chetu aliuliza: "Mama, yule mzee wa jirani ni boyi. Basi yeye ni mtoto?"

Swali hilo tulilibeba katika mkutano wetu, na juma hili tunawaandikia juu yake.

Kwa Waingereza, neno lenyewe halina ubaya. Mama akimwonyesha mtoto wake na kusema "my boy", ni kusema "mtoto wangu mwanaume", na ni neno la mapendo. Ubaya unaanza pale linapoitwa kwa mtu mzima. Mji wetu ulianza mwaka wa 1910, na mwaka ule ule gari la moshi lilifika hapa kutoka Rodezia. Wazungu wengi wa siku zile walitoka kusini na walisema Kiingereza. Kwao mfanyakazi mweusi alikuwa "boy", hata kama ana mvi, hata kama ana wajukuu. Wabelgiji nao walilitumia neno hilo. Wakaita nyumba ndogo ya nyuma, pale alipolala mfanyakazi, "boyerie". Na wakati ule waliofanya kazi za nyumbani kwa wazungu walikuwa hasa wanaume, ni kusema wababa wa familia.

Mambo haya hayakuwa ya Kongo peke yake. Ferdinand Oyono wa Kameruni alitoa kitabu chake "Une vie de boy" mwaka wa 1956. Huko Marekani, katika mji wa Memphis, mwaka wa 1968 wafanyakazi weusi wa kuondoa takataka waligoma. Walitembea barabarani wakibeba vibao vilivyosema kwamba kila mmoja wao ni mwanaume, mtu mzima. Walidai malipo na usalama wa kazi. Lakini kwenye kibao waliandika kwanza kwamba wao si watoto.

Hapa kwetu kuna jambo la kujivunia. Mwaka wa 1965 André Yav aliandika historia ya mji huu kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi, kwa jina la chama cha watu waliokuwa wafanyakazi wa nyumbani wa wazungu. Aliiita "Vocabulaire" ya mji wa Elisabethville, ndilo jina la zamani la Lubumbashi. Mtu anaweza kufikiri ni kitabu cha maneno tu, lakini ni historia. Wale walioitwa maboyi walikuwa wakiona na kusikia kila kitu ndani ya nyumba za mabwana, na walikumbuka. Mwaka wa 1990 Johannes Fabian alikitoa katika kitabu, na wenye elimu wa dunia wanakisoma. Hao "watoto" ndio walitupa historia yetu.

Wazungu wale walikwenda, neno likabaki. Lilipata hata sura ya kike: "boyesse". Leo anayeitwa hivyo mara nyingi ni msichana aliyetoka kijijini, ao mama mjane mwenye watoto wake Katuba ao Ruashi. Sasa wanaoita ni sisi wenyewe kwa wenyewe, mweusi kwa mweusi, mwanamke kwa mwanamke.

Katika mkutano hatukusikilizana mara moja. Mama mmoja alisema: "Neno halileti unga nyumbani. Mwache aitwe boyesse, lakini alipwe." Mwingine akajibu kwamba kwake msichana anaitwa "mtoto wetu", ni kama wa familia. Hapo akasimama mama aliyefanya kazi hiyo miaka mingi. Alisema: "Mimi pia niliitwa mtoto wetu. Mwisho wa mwezi waliniambia, mtoto halipwi kwao." Tulinyamaza wote.

Maneno yake yalitufunza kwamba kuna majina ya aina mbili yanayoweza kumpunguza mtu. Moja linamtukana wazi. Lingine ni tamu, lakini linaficha deni. Yote mawili yanamfanya mtu mzima kuwa mtoto.

Angalieni neno "yaya". Kule pwani, Mombasa na Dar es Salaam, yaya ni mwanamke anayelea watoto wa watu kwa malipo. Hapa kwetu yaya ni mkubwa wako, kaka ao dada uliyemfuata kuzaliwa, na unamheshimu. Neno ni moja kwa sikio, maana mbili. Tungependa watoto wetu wamwite anayewalea kwa maana ya hapa: Yaya, na jina lake nyuma. Kama ni mama mwenye umri, aitwe Mama fulani, kama vile tunavyoitana sisi. Na sisi wakubwa tumwite msichana kwa jina alilopewa na wazazi wake.

Lakini heshima ya kinywa iende pamoja na ya mkono. Tulipatana juu ya mambo matatu: malipo yasemwe wazi siku ya kwanza na yatolewe kwa tarehe, kuwe na siku ya kupumzika kila juma, na mtoto wa nyumba asimtume mtu mzima kwa kupiga makelele.

Mama, leo jioni uliza watoto wako jina kamili la yule anayewapikia. Kama hawalijui, wafunze.