Huna Juba

Julai 2013, Sudan Kusini ilipotimiza miaka miwili ya uhuru, niliandaa vipindi vinne vya historia ya redio mjini Juba. Katika kipindi cha pili nilisoma sentensi hii: "Kuanzia 1983 hadi 2005, Juba haikuwa na sauti yake." Niliiandika mwenyewe. Hakuna aliyenituma. Haikuwa kweli.

Nitaeleza nilivyoifikia, kwa sababu naamini mwandaaji yeyote wa vipindi anaweza kuifikia kwa njia ileile, na akalala usingizi mzuri usiku huo kama nilivyolala mimi.

Nimekulia Kakuma, kambi ya wakimbizi nchini Kenya. Kambi ilifunguliwa 1992 na sisi tulikuwa miongoni mwa waliofika mwanzoni, mimi nikiwa na miaka sita. Kiswahili nilikiokota kwenye foleni ya maji kabla ya kukutana nacho shuleni. Baba alikuwa na redio ndogo ya betri, kifuniko chake kimeshikiliwa kwa mpira wa tairi la baiskeli, na jioni aliizungusha pole pole kwenye masafa mafupi akiitafuta Omdurman. Redio hiyo ilianzishwa 1940, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Waingereza wakiwa bado ndio watawala wa Sudan, na imejitambulisha kwa maneno yaleyale tangu enzi za babu zetu: "Huna Omdurman." Kwa Kiarabu maana yake ni hapa Omdurman. Mimi mtoto wa Kiswahili nilisikia jambo jingine kabisa. Nilidhani yule bwana anamwambia baba kwamba hana kitu. Huna. Nilimhurumia sana baba, kwamba anaambiwa hivyo kila jioni na kesho yake bado anaiwasha.

Redio tuliyoiita yetu ilikuwa Redio SPLA, ya waasi wa Kusini. Ilianza Oktoba 1984 ikirusha matangazo kutoka Ethiopia, ikanyamaza Mei 1991 Mengistu, mtawala wa Ethiopia, alipokimbia Addis Ababa na wapiganaji wetu wakakosa mwenyeji. Sikuwahi kuisikiliza nikiwa na umri wa kuelewa, lakini wakubwa kambini waliisimulia kama watu wanavyosimulia ng'ombe waliopotea: jina kwa jina, wimbo kwa wimbo. Walisema ndani ya Juba watu walijifungia chumbani na kuishusha sauti hadi redio ikawa ya kugusa sikio. Ndivyo nilivyokua nikijua redio ni mbili tu, yetu na yao.

Nilirudi Juba 2007. Redio Miraya ya Umoja wa Mataifa, 101 FM, ilikuwa imetimiza mwaka. Jina lake ni kioo kwa Kiarabu, kile cha kujitazama. Kulikuwa na Bakhita ya Kanisa Katoliki, 91 FM. Sudan Radio Service, iliyoanza 2003 na iliyokuwa ikitengenezewa vipindi Nairobi, baadaye ilizaa Eye Radio hapa mjini, 98.6 FM. Mimi nilipata kazi kwenye kituo kimoja cha FM na nikajifunza kila kitu humo: kukata sauti kwenye kompyuta, kusoma habari bila kumeza mate, kufungua laini za simu. Tulikuwa vijana. Tulizungumza kana kwamba redio mjini Juba ilizaliwa siku tuliyopewa funguo za studio.

Nilipoanza kuandika vipindi vile, nilitaka hadithi inayotiririka: Omdurman ya wakoloni na Khartoum, Redio SPLA ya msituni, amani ya Januari 2005, kisha FM. Katikati ya hadithi hiyo Redio Juba ilikaa kama jiwe njiani. Nilijua ipo. Nilijua kwamba baada ya Mkataba wa Addis Ababa wa Februari 1972 Juba ikawa makao ya serikali ya jimbo la Kusini chini ya Abel Alier, na redio ya masafa ya kati ikazungumza na watu wa Kusini. Nilijua pia kwamba 1983 Rais Nimeiry wa Sudan aliligawa jimbo vipande vitatu, vita vikarudi, Juba ikageuka mji wa kambi ya jeshi, na redio ikabaki mikononi mwa serikali hadi mwisho wa vita. Miaka 22. Sikumuuliza mtu hata mmoja aliyekuwa ndani ya mji ule miaka hiyo, na mji umejaa watu hao. Nanunua mboga kwao sokoni Konyokonyo. Nilijiambia ni redio ya Khartoum, kwa hiyo si ya Juba, kwa hiyo si historia yetu. Jiwe likaondoka. Hadithi ikatiririka.

Kipindi kilipokwisha tukafungua simu. Aliyepiga wa tatu alikuwa mzee. Alizungumza Kiarabu cha Juba taratibu, kila neno limesimama peke yake, namna ya mtu aliyefundishwa kusoma kwa ajili ya wasikilizaji wenye redio mbovu.

"Ustaz, miaka hiyo unayosema hatukuwa na sauti, nani alikuwa anasoma habari hapa Juba?"

"Mzee, hiyo ilikuwa sauti ya Khartoum."

"Ilikuwa sauti yangu."

Nikashusha laini yake. Nikawaambia wasikilizaji kwamba simu imekatika, nikaweka wimbo. Simu haikukatika. Nilimkata.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Kator kwa shangazi, dada wa baba, ambaye hakuondoka Juba hata siku moja ya vita. Alikuwa amesikiliza kipindi. Aliniandalia asida na mboga, akanitazama nikila, hakunigombeza. Aliuliza tu kama najua nimemkatia nani simu. Nikasema ni mzee fulani wa redio ya zamani.

"Yule ndiye aliyesoma msiba wa babu yako."

Tonge lilibaki mkononi. Naomba nikae hapa kidogo, maana hapa ndipo nilipoona nilichofanya.

Babu alifariki Juba 1994. Barabara zote zilikuwa zimefungwa, watu wakiingia na kutoka mjini kwa ndege. Baba alipata habari baada ya wiki tatu, kwa barua ya binamu yake aliyekuwa mkimbizi upande wa Adjumani, Uganda. Barua hiyo naijua kwa moyo. Baba aliiweka ndani ya Biblia na nilipojifunza kusoma niliirudia mara nyingi, kwa sababu ilikuwa moja ya karatasi chache zenye jina letu. Mstari wa pili unasema: "Tumesikia kwenye redio." Kwa barua hiyo tulikaa matanga chini ya turubai la wakimbizi, na mama akawapikia watu waliokuja uji wa mahindi ya mgao. Miaka 19 nilikuwa na mstari ule. Sikuwahi kuuliza ni redio gani.

Shangazi ndiye aliyekwenda Redio Juba. Alipanga foleni kwenye dawati la matangazo, akalipa ada, akataja jina la marehemu na majina ya watoto wake waliotawanyika. Usiku, baada ya taarifa ya habari, mzee yule akasoma. Na hapa ufundi wa chombo chenyewe una neno. FM inasafiri kama jicho linavyoona: kilima kikisimama mbele, imeishia hapo. Masafa ya kati hutambaa juu ya ardhi mchana, na giza likiingia hupanda angani, yakagonga tabaka la juu na kurudi chini mbali sana na mlingoti. Mpaka hauyazuii, wala mstari wa mbele wa vita. Redio niliyosema haikuwa sauti ya Juba ilitoka ndani ya mji uliozingirwa, ikavuka majeshi mawili, ikamfikia mtu wetu Uganda akiwa na transista sikioni. Kituo changu cha FM kisingemfikia. Kilikuwa kikikwaruza hata kabla ya kufika Nimule.

Ningekwenda kwa mzee kesho yake. Namba yake ilikuwa kwenye simu ya studio. Nilikwenda Oktoba, miezi mitatu baadaye, kwa sababu niliona aibu na aibu nikaiita shughuli nyingi.

Alinipokea chini ya mwembe, akaagiza chai, hakutaja simu. Nilipoanza kuomba msamaha aliinua mkono, akasema, "Ya jena, kaa kwanza." Jena ni mtoto. Nikakaa, naye akanipa kipindi ambacho mimi sikukiandika. Miaka ya serikali ya jimbo, alisema, walisoma habari kwa lugha za Kusini, wakarekodi kwaya za makanisa, na michezo ya kuigiza ya Kiarabu cha Juba iliwafanya watu wafunge maduka mapema. Baada ya 1983 karatasi za habari zilianza kuja zimeshaandikwa. Nimeiry alipoanguka Aprili 1985 walipumua; waliruhusiwa tena kuuliza maswali. Bashir alipochukua nchi tarehe 30 Juni 1989 ratiba ikageuzwa upya, Kiarabu cha Khartoum kikatawala, mawaidha yakachukua saa za nyimbo. Serikali ilipoviita vita hivyo jihadi, naye aliviita hivyo mbele ya maikrofoni. Hakunificha.

"Nilisoma jihadi dhidi ya kaka yangu mwenyewe," alisema. "Kaka yangu alikuwa msituni. Nikimaliza, nageuza karatasi, nasoma tanzia. Karatasi ya kwanza ilikuwa yao. Ya pili ilikuwa yetu. Ningekataa ya kwanza, nani angesoma ya pili?"

Sijui ningemjibu nini hata leo. Najua kwamba swali hilo ndilo lililokuwa historia ya redio mjini Juba, na mimi nililitupa ili sentensi iwe fupi. Amani ilipokuja 2005, aliendelea, wakubwa walibadilika, nyimbo zilizokuwa za kufungwa jela zikapigwa mchana, na yeye akasoma taarifa ya habari ya serikali mpya kwenye meza ileile. John Garang, kiongozi wa SPLA, alipokufa katika ajali ya helikopta tarehe 30 Julai mwaka huo, kabla hata ya wino kukauka, kulikuwa na watu mjini waliokataa kuamini mpaka wasikie sauti waliyoizoea.

Ndani alikuwa na madaftari saba ya shule, yamefungwa kwa mkanda wa begi. Kila tanzia aliyoisoma kuanzia 1987 alikuwa ameinakili: jina, tarehe, majina ya jamaa, mahali wanapodhaniwa kuwa. Alisema aliogopa karatasi za ofisini zingetupwa. Nilirekodi mazungumzo dakika 40, betri ya kinasa sauti ikaisha. Nikamwambia nitarudi baada ya Krismasi na kamera nzuri kuyapiga picha madaftari yote.

"Kwa nini si kesho?"

Nilikuwa na sababu. Siikumbuki.

Tarehe 15 Desemba 2013 risasi zilianza mjini. Mzee na familia yake walivuka kwenda Uganda. Binti yake aliporudi kuangalia nyumba, milango ilikuwa imeng'olewa na vyumba ni vitupu. Madaftari hayakupatikana. Mzee alifariki 2015, ukimbizini, upande huohuo wa Adjumani. Niliambiwa kwa simu.

Masahihisho yangu yalikwenda hewani mara moja, saa nne asubuhi siku ya kazi, dakika mbili. Kipindi chenye sentensi ile kilikuwa kimerudiwa mara sita na kugawiwa vituo vingine. Siku ya uhuru 2019 nikiwa ndani ya bajaji, nilimsikia mtangazaji ambaye sijawahi kukutana naye akiisoma neno kwa neno, kwa mkazo uleule niliouweka mimi. Nilipiga simu kituoni kwake. Alikuwa kijana mwenye adabu. Aliniambia ameitoa mahali pa kuaminika.

Kama unaandaa kipindi cha namna hii sasa hivi, na kuna kituo, gazeti au mtu unayemruka kwa sababu alikuwa upande usiofaa, mpigie simu leo. Uliza kwanza nyumbani kwenu.

Zile dakika 40 ninazo. Nimezihifadhi mahali patatu. Karibu na mwisho, mzee anafungua daftari, unasikia kurasa, kidole kinatembea, kinasimama. Nilikuwa nimemwomba asome kama alivyosoma wakati ule. Aliniuliza saa. Akafunga kifungo cha juu cha shati, ingawa hakuna ambaye angemwona. Akakohoa pembeni.

"Huna Juba," akasema, na mimi, mtu mzima wa miaka 27, nikaisikia kwa Kiswahili kabla ya Kiarabu. Kisha akasoma jina la babu, akasoma jina la shangazi, akasoma jina la baba yangu, na mbele ya jina la baba, palipotakiwa kuandikwa mahali anapoishi, palikuwa na maneno mawili aliyoyaandika 1994, nayo akayasoma bila haraka: popote alipo.