Leteni Kamera Nyayanga, Hakuna Aliyekufa

Sisi watu wa Migori tunajua vizuri uchimbaji wa kuonyeshwa laivu kwa TV. Mgodi wa dhahabu unaporomoka huko upande wa Nyatike, wachimbaji wamenaswa chini, na kabla giza liingie magari ya runinga yashafika. Ripota anaongea, nyuma yake akina mama wanalia, na sisi macho hayatoki kwa simu. 2023 nchi nzima ilitazama makaburi ya Shakahola yakifukuliwa, siku baada ya siku. Kwa hivyo asiniambie mtu kwamba Wakenya hawawezi kukaa wakatazama watu wakichimba. Tunatazama sana. Ni vile tu kamera zetu hufuata jembe kukiwa na maiti.

Sasa toka Migori, pita Rongo, elekea Homa Bay. Kwenye rasi ya Homa, kando ya Ziwa Victoria, kuna mahali panaitwa Nyayanga. Watafiti wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na wenzao wa kutoka nje wamechimba hapo miaka kadhaa. Februari 2023 matokeo yalitoka kwa jarida la Science: zana za mawe zaidi ya 300, za kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3, pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa nyama. Hapo hapo kukapatikana magego mawili ya Paranthropus, kiumbe wa ukoo wetu mpana lakini si babu yetu wa moja kwa moja. Wasee, mnaelewa hiyo inamaanisha nini? Swali la nani alianza kushika kisu cha jiwe limefunguliwa upya hapa kwetu, mahali unafika kwa matatu. Agosti 2025 wakaongeza lingine: baadhi ya mawe hayo yalibebwa kutoka hadi kilomita 13. Mtu, au kitu kinachokaribia mtu, alijua jiwe zuri liko wapi na akalitembelea.

Na wengi wetu tulipata hiyo habari kama picha ya jiwe likiwa mezani, miezi na miaka baada ya jembe kuwekwa chini.

Mimi nataka tuonyeshwe laivu. Lakini najua vile inaweza kuharibika, juu nimeiona kwa hoteli moja ya chai hapa tauni. Nilikuwa natazama klipu ya Sanxingdui, Uchina, ambako Machi 2021 runinga ya taifa ya CCTV ilipeperusha uchimbaji laivu. Wataalamu wako ndani ya vyumba vya vioo, wamevaa nguo nyeupe mwili mzima. Mzee wa meza ya pili akasogea.

"Nyathina, hao ni madaktari?"

"Hapana kwara, wanatafuta vitu vya zamani."

Akatazama kimya, uji ukipoa. Kisha ikaonyeshwa nusu ya kinyago cha dhahabu, kama gramu 280.

"Si nilijua! Hakuna mtu anachimba bure." Akaanza kupiga hesabu ya bei kwa gramu.

Nilicheka, lakini mzee alisema kile mabosi wa TV wanafikiria. Septemba 2002, National Geographic waliita dunia nzima kutazama roboti ikipanda ndani ya Piramidi Kuu ya Misri. Ikatoboa jiwe, ikachungulia. Nyuma ya jiwe kulikuwa na jiwe lingine. Kabla ya hapo, 1968, BBC waligharamia uchimbaji ndani ya kilima cha Silbury, Uingereza, na wakaonyesha laivu. Hazina haikupatikana. Shimo lao halikujazwa vizuri, na 2007 mafundi walilazimika kurudi kukarabati kilima. Ukiahidi watu dhahabu, utaishia kuwapa aibu, au utaharakisha kazi ambayo haitaki haraka.

Kuna njia nyingine. Novemba 2013, kule pango la Rising Star, Afrika Kusini, timu ya Lee Berger ilikuwa inaandika mtandaoni kila siku kazi ikiendelea, hata kabla hawajajua wameshika nini. Miaka miwili baadaye ndipo Homo naledi akatangazwa. Watu walifuata kazi yenyewe. Na sisi tunaweza: 2017 na 2022 tulikaa tukasikiliza mawakili wa Mahakama ya Juu wakibishana kuhusu fomu siku nzima, na makanga wakaanza kuongea kama majaji. Chekecheo, brashi, uzi wa kupima na mtu akieleza kwa nini haruhusiwi kung'oa mfupa mpaka apime, hiyo haiwezi kutushinda.

Kuna sababu kubwa zaidi, na imelala kwenye rasi hiyo hiyo ya Homa. 1932, mahali panaitwa Kanam, kipande cha taya kilipatikana na Louis Leakey akakitangazia dunia. 1935 mwanajiolojia Percy Boswell akaja kuona mahali kilipotoka. Leakey hakuweza kumwonyesha. Vyuma vya alama vilikuwa vimetoweka, na picha iliyotumika ilikuwa ya mahali pengine. Boswell akaandika hivyo kwa jarida la Nature, na Kanam ikabaki na jina baya. Kwa akiolojia, mfupa bila mahali pake ni mfupa tu. Kamera ingekuwa imesimama pale, mabishano hayo yangekuwa mafupi.

Na mnajua nani hasa aliokota taya hiyo? Anaitwa Juma Gitau, Mkenya. Wangapi mmewahi kusikia hilo jina? Hata Kamoya Kimeu, aliyeona Kijana wa Turkana mwaka 1984, wengi walimjua vizuri alipoaga dunia 2022. Kwa matangazo ya laivu, mwenye kuinama ndiye anaonekana. Msichana wa Homa Bay anayechekecha udongo ataonekana na mdogo wake, na huyo mdogo atajua hiyo ni kazi.

Mtaniambia watu watakimbilia huko na majembe yao. Wasiwasi ni halali, hasa kwetu ambako shimo maana yake ni dhahabu. Ndiyo maana onyesho lenyewe liseme wazi kwamba sheria ya makavazi ya 2006 inakataza kuchimba bila leseni, na lionyeshe kwamba jiwe la Nyayanga likitolewa mahali pake halina bei kwa mtu yeyote. Mzee wangu wa hoteli angeelewa hiyo kuliko bango lolote.

Kwa hivyo, vituo vya Nairobi, na nyinyi wa redio za Dholuo pia: msimu ujao wa kuchimba, ombeni ruhusa Makavazi. Siku tatu tu, kwa Dholuo na Kiswahili, majina ya wachimbaji yakiandikwa chini ya skrini. Wakikosa kitu, tuonyesheni vile wanakosa. Bando nitanunua mwenyewe.