Mbuzi Aliyemo Tumboni

Wapo watu wanaopenda kutuambia sisi wenye ndoto za kuandika riwaya kwamba njaa hunoa kalamu. Mara nyingi anayesema hivyo ameshiba. Mimi nimepiga pasi ndefu siku nyingi, chai ya rangi asubuhi halafu basi mpaka usiku, na nasema kweli: ikifika saa kumi jioni siwafikirii wahusika wangu, nafikiria chipsi mayai.

Katika mswada wangu yumo kijana, Side, analelewa kwa mjomba wake na kila akitupia jicho sufuria anaitwa mlafi. Sikutaka kuandika "tumbo likanguruma" kisha nikapita. Nilitaka kujua njaa yenyewe inatengenezwaje.

Basi sikiliza, msomaji mwenzangu. Mwaka 1996 wanasayansi walikuwa wameshalipata kufuli fulani lililo ndani ya ubongo, lakini ufunguo wake hawakuujua. Mwaka 1999 Masayasu Kojima na Kenji Kangawa wa Japani wakaupata, tena wapi? Tumboni! Wakauita ghrelini. Ni mnyororo mfupi wa asidi amino 28, na ukiwa mtupu haulifungui kufuli hilo. Ni lazima kwenye pete ya tatu kipachikwe kipande cha mafuta chenye kaboni nane. Sehemu kubwa ya ghrelini inayozunguka kwenye damu haina kipande hicho, inapita tu kama barua isiyo na stempu.

Nani anapachika? Ni kimeng'enya kimoja, na kilijulikana 2008 tu. Kilitajwa na makundi mawili ya Marekani, moja likiwa la Michael Brown na Joseph Goldstein wa Dallas, wazee waliokwisha kupata Nobeli 1985 kwa habari za kolesteroli. Jina lake ni refu mno, wakalikata zikabaki herufi nne: GOAT. Mbuzi, jamani!

Kuna la zaidi. Yale mafuta ya kaboni nane huitwa pia asidi kapriliki, kutokana na neno la Kilatini la mbuzi, maana yamo katika maziwa ya mnyama huyo. Na yamo kwenye nazi. Hapo nilicheka peke yangu kama chizi. Sisi si ndio tunaokuna nazi kwa mbuzi? Mzungu hajui hata hiyo mbuzi yetu ni kigoda chenye meno, lakini tumekutana.

Turudi kwenye ulafi. Ghrelini hupanda saa ya kula inapokaribia, ukishakula inashuka. Mwaka 2001, huko London, watu tisa wenye afya njema walitiliwa ghrelini kwenye mshipa, kisha wakaachiwa chakula wajipakulie. Wakala zaidi kwa wastani wa asilimia 28. Hao nao tuwaite walafi?

Lililonigusa hasa ni la panya wa Dallas, 2010. Walikuwepo panya waliozaliwa bila kile kimeng'enya. Wakipewa chakula cha kutosha, huwatofautishi na wenzao. Lakini walipopunguziwa chakula kwa asilimia 60, siku saba mfululizo, wote wakakonda mpaka mafuta yakawaisha. Wale wa kawaida wakamudu, sukari ya damu ikasimama. Wasio na kimeng'enya sukari yao ikaporomoka wakawa mahututi. Wakitiliwa ghrelini, au homoni ya ukuaji ambayo ghrelini huiamsha, sukari haianguki. Kwa hiyo kitu kilekile kinachomtoa mtu udenda mbele ya sufuria ndicho kinachomshikilia asizimike siku sufuria likiwa tupu. Nilikaa na jambo hilo muda mrefu, taa ya chemli ikipungua mafuta.

Sura ya nne nimeiandika upya. Side amesimama mlangoni, ubwabwa wa nazi umefunikwa, mjomba anasema lile neno lake. Simpi Side hotuba. Naandika yanayopita ndani yake tu: kipande cha mafuta kinapachikwa kwenye pete ya tatu, ufunguo unapanda na damu, kufuli linafunguka, mate yanajaa mdomoni. Mtoto mwenyewe hajasema kitu. Anamkunia shangazi nazi ya kesho.