"Kaka, Angalia Kwenye Kamera"

Wasee, leo sina simu mpya ya kuwaonyesha. Leo naongelea diski. Najua hakuna mtu hupiga picha na diski yake mpya, lakini hii kitu ilitugharimu mtu nyumbani, na kosa lilikuwa langu.

Kwetu ni Illasit, kule chini kabisa kwa Kajiado, mpakani. Ukivuka tu, uko Tarakea, Tanzania. Mama analima nyanya na vitunguu vya kumwagilia, mimi niko Kitengela na masomo na hizi posti zangu. Nilipopata pesa yangu ya kwanza ya maana, nikaamua kumwekea kamera. Nne: moja geti, moja boma la mbuzi, moja stoo, moja nyuma ya nyumba. Nikajifanya fundi, nikapitisha nyaya mwenyewe wikendi moja. Usiku kwa simu naona mpaka mbuzi akijikuna. Nilijiona nimefika.

Pesa karibu zote zilienda kwa kamera, kwa sababu kamera ndiyo huonekana. Kwa diski nikabana. Nikachukua ya terabaiti 1, ile ya kawaida ya kompyuta, bei ya kutupa. Muuzaji akaniambia ni mpya na itashika mwezi mzima. Sikupiga hesabu. Niliitikia tu.

Kisha pampu ya maji ikapotea.

Ilikuwa msimu wa mvua, hakuna aliyekuwa akimwagilia, kwa hiyo hakuna aliyeingia stoo kutafuta pampu. Mara ya mwisho kuonekana ilikuwa Jumamosi jioni. Mama aligundua haipo Jumatatu ya wiki iliyofuata nyingine, yaani siku tisa baadaye. Mwenye ufunguo wa pili wa stoo alikuwa kijana wa kazi, mtu wa upande wa Tarakea, tulikuwa naye karibu mwaka. Na unajua vile huwa: kitu kikipotea, macho yote yanaenda kwa mtu wa kazi. Akiwa ametoka ng'ambo, hata mashahidi hawatafutwi.

Nilipofika nyumbani alinikuta getini. Hakulia, hakuapa. Alisema tu, "Kaka, angalia kwenye kamera. Utaniona kila siku nilivyoingia na nilivyotoka."

Nikawasha rekoda. Video ya zamani kabisa ilikuwa ya siku tano na kitu nyuma. Ile Jumamosi ilikuwa imefutwa kitambo, na hata hizo siku tano zilikuwa na mashimo, saa mbili hapa, saa tatu pale, hakuna kitu. Mama aliniangalia. Yule kijana pia aliniangalia. Kesho yake asubuhi hakuwa kwa chumba chake, na mshahara wa nusu mwezi hakuuchukua. Laini yake haipatikani mpaka leo.

Wazee wa mtaa walisema, "Si mmeona? Amekimbia." Labda. Ama labda mtu akishaona hana wa kumtetea, anaondoka kabla hajaitiwa watu. Sijui. Na hapo ndipo inaniuma: nilinunua kamera nne ili nisiwe na "sijui".

Sasa hesabu, ile ningefanya dukani kwa dakika mbili.

Kamera ya megapikseli 4 ikirekodi kwa H.264 unaweza kuikadiria megabiti 4 kwa sekunde. Megabiti 8 ni megabaiti 1, kwa hiyo hiyo ni nusu megabaiti kila sekunde. Siku ina sekunde 86,400. Jibu ni kama gigabaiti 43 kwa siku, kamera moja. Mara nne, ni 173. Diski yangu ya terabaiti 1 ni gigabaiti 1,000, kwa hiyo inajaa kabla ya siku ya sita kuisha, kisha rekoda inaanza kufuta za zamani kimyakimya. Haikuharibika. Ilifanya kazi yake sawasawa.

Ukitaka siku 30, hizo kamera nne zinahitaji terabaiti 5.2, yaani nunua ya 6. Ama uingie kwa mipangilio ubadilishe H.264 iwe H.265, kama kamera na rekoda zako zinaikubali. Mara nyingi inapunguza ukubwa karibu nusu, na hapo diski ya terabaiti 4 inatosha na nafasi inabaki. Kuna pia kurekodi mtu akisonga tu. Inaokoa nafasi, lakini kwetu upepo, mbuzi na matawi ni "mtu" mchana kutwa, na wakati mwingine mtu mwenyewe anakosekana. Mimi sasa narekodi mfululizo.

Yale mashimo nayo? Nilichomoa diski nikaiweka kwa kompyuta, nikafungua programu ya bure inaitwa CrystalDiskInfo. Ilionyesha diski yangu "mpya" imewaka zaidi ya saa 41,000. Gawa kwa saa 8,760 za mwaka: miaka minne na nusu na zaidi. Nilikuwa nimeuziwa mzee aliyepakwa rangi. Siku hizi sitoki dukani kabla sijaona hizo saa.

Na hata ingekuwa mpya kweli, haikuwa ya kazi hiyo. Diski ya kompyuta ya kawaida hutengenezwa ikijua utaizima usiku. Seagate wenyewe wameipangia BarraCuda terabaiti 55 kwa mwaka. Kamera zangu nne zinaandika kama 63. Zile za kamera, kama SkyHawk ya Seagate ama WD Purple, zimepangiwa 180, na zimeundwa kuandika usiku na mchana. Bei inapanda kiasi, lakini linganisha na bei ya pampu. Linganisha na mtu.

Wengi hunishauri kununua kompyuta kuukuu kutoka Nairobi niifanye rekoda. Ni wazo poa ukiwa unaishi nayo. Tafuta prosesa ya Intel ya kizazi cha 6 kwenda juu, kwa sababu hapo chipu yenyewe inafungua H.265 bila kuchemka. Weka SSD ndogo ya mfumo, na diski ya kamera peke yake kwa video. Lakini kwa nyumba ya mzazi, nilichagua rekoda ya kawaida. Stima ikipotea na kurudi inajiwasha na kuendelea. Kompyuta usipoipanga inabaki imezima, ama inamuuliza Mama nywila saa nane usiku.

Stima yenyewe nayo ni hadithi. Weka UPS ndogo ya kushikilia rekoda na kamera, maana diski inayokatiwa moto ikiandika huumia. Na angalia saa ya rekoda. Ikirudi kwa mwaka wa ajabu kila stima ikipotea, betri ndogo ya ndani imekufa, na video yenye tarehe mbaya haitamtetea mtu yeyote.

Wewe wa bedsita Kitengela na kamera moja ya Wi-Fi, usicheke. Kadi ya gigabaiti 64, kwa video ya 1080p ya megabiti 2, ni siku tatu hivi ukirekodi mfululizo. Na kadi feki ni nyingi: inajiita 256 na ndani ni 32. Ijaribu na H2testw kabla hujaiamini. Kisha geuza kamera iangalie mlango wako, si dirisha la jirani.

Nyumbani sasa kuna diski ya terabaiti 4 ya kazi hiyo, rekoda iko mahali pa kufungwa, na kila mwanzo wa mwezi naingia kwa simu kutafuta video ya zamani kabisa. Mama hajaniuliza kuhusu pampu tena. Ule mshahara wa nusu mwezi bado ameufunga kwa bahasha, kwa kabati. Akisikia mtu anaenda Tarakea, anaulizia.

Kwa hiyo kabla hujafunga hii posti, fungua rekoda yenu. Usiangalie kamera zinaonyesha nini sasa hivi. Tafuta video ya zamani kabisa, uone ni ya lini na kama haina mashimo. Siku mtu atasimama getini kwenu akuambie uangalie kwenye kamera, uwe na kitu cha kuangalia.