Vichupo 61

Kuna maandishi ambayo si kitabu, si rasimu, na hata jina hayana. Yanakaa kwenye vichupo vilivyoachwa wazi katika kompyuta ya mtu, na mwenyewe akiondoka ni rahisi yakaondoka naye.

Mwaka jana alifariki kaka yetu mmoja aliyekuwa akihudumia tovuti ya gazeti letu. Nilikabidhiwa kompyuta yake na agizo fupi: toa tunachohitaji, kisha ifutwe, kuna kijana mpya anaisubiri. Nilipofungua Notepad++, vichupo 61 vikajipanga juu ya skrini. Vingi vilikuwa kurasa za tovuti. Lakini 23 viliitwa tu "new 1", "new 2", "new 3", yaani havijawahi kuhifadhiwa.

Kwa wasioifahamu, hii ni programu ya bure aliyoitoa Don Ho mwaka 2003, na watengeneza tovuti wengi huitumia kuandika kodi. Tangu toleo la 6.6, la mwaka 2014, ina tabia moja ya kiungwana: kila baada ya sekunde 7, kama hujabadilisha mpangilio, hunakili kimyakimya ulichoandika. Umeme ukikatika, ukiwasha tena unaikuta sentensi yako inakusubiri. Nakala hizo hukaa kwenye folda ya backup, ndani ya AppData, ambayo Windows huificha. Kila nakala ina jina la kichupo, alama ya @, halafu tarehe na saa.

Basi kabla ya kufunga chochote nikanakili folda nzima kwenye flashi. Kichupo kisicho na jina ukikifunga bila kuhifadhi, nakala yake nayo inakwenda. Kisha nikafungua folda tatu: kodi, habari, na ya tatu ambayo sikujua niiite nini.

Humo kulikuwa na hesabu za michango ya harusi, orodha ya dawa, na vichupo tisa vya maneno ya Kipare. Neno, maana yake kwa Kiswahili, halafu maelezo mafupi: hili mama kalisema akipepeta mchele, hili kalisema kwa hasira. Namba za vichupo hazikunisaidia kuvipanga, maana programu huitumia tena namba iliyoachwa. Tarehe ndizo zilizosaidia. Cha mwisho kilianza wiki aliyolazwa.

Hapo nikasita. Mtu ambaye hakuwahi kubofya "hifadhi" hakuwa amenikaribisha. Nikampigia mkewe.

"Shemeji, kuna maandishi yake huku, si ya kazi. Niyasome au niyaache?"

Alikaa kimya kidogo. "Ya kazi chukueni, shem. Hayo ya maneno ya mama nipe mimi. Mama si yupo? Bado ana mengine."

Sisi wapenzi wa fasihi tunapenda kuzungumzia miswada iliyookolewa kutoka kwenye masanduku ya waandishi. Sanduku la kizazi chetu ni hili, na ufunguo wake anao yeyote anayeambiwa aifute kompyuta.

Mama hatumii kompyuta, kwa hiyo nilivichapa vile tisa kwenye karatasi. Zilitoka kurasa 14. Kati ya neno na neno niliacha mistari mitatu mitupu, ya kuandikia kwa kalamu.